Karata Iliyobaki Bura

Jumwa, mwalimu mwenzangu, huwasomea watu bahati kwa karata za picha, mzaha tu wa harusini. Karata ya mauti huiacha kabatini kwake Bura, asije akamtia mtu hofu.

Jumamosi jioni, kwenye harusi Garsen, umeme ulikatika. Mgeni akaketi mbele yake gizani. Maji yalisikika yakidondoka sakafuni.

"Dada, nisomee safari."

"Yako?"

"Ya mumeo. Si anakuja kukuchukua na pikipiki kutoka Bura, kwa njia ya kando ya mfereji?"

"Nani amekutuma, wewe?"

"Funua tu."

Jumwa alimshuku, lakini akafunua. Jenereta ikanguruma, taa zikawaka. Kiti kilikuwa kitupu. Mkononi Jumwa alishika karata ya mauti, imelowa, ina tope la mfereji.