Grisi ya Kuvukia Maji

Gurudumu la mbele la kushoto lililia kama nguruwe anayechinjwa, kisha likaanza kutoa moshi. Lusweti akakanyaga breki. Lori likateleza na shehena yake ya mbolea, likasimama katikati ya Msitu wa Kakamega. Ilikuwa mwaka wa Elnino. Barabara kuu ilikatwa na mafuriko, ndiyo maana walipita huku, na tangu asubuhi walikuwa wakivuka vijito vilivyogeuka mito.

Awinja, mwenye lori, alishuka akatemea mate habu, kile chuma cha katikati kinachobeba gurudumu. Mate yakachemka.

"Ulipaka grisi gani, shemeji?"

"Ile ya njano. Juu ya ile ya zamani, vile sisi hupakanga trela za miwa."

"Trela ya miwa haiogelei."

Lusweti, ndugu mdogo wa mumewe, alikuwa amezoea trekta za miwa. Huko safari ni fupi, na grisi ikipungua unaongeza. Alipiga jeki, akafungua nati, akalitoa gurudumu. Ardhi ilikuwa uji. Jeki ikalala upande, na habu ikashuka juu ya mguu wake.

Hakupiga kelele. Awinja alisikia mfupa ukivunjika.

Alisukuma gogo chini ya jeki, akainua lori, akamvuta shemejiye kwapani. Juu ya kifundo mfupa ulikuwa nje. Alifunga leso chini ya goti, akaisokota kwa spana mpaka damu ikapungua, kisha akampandisha kwenye kiti. Yote hayo aliyafanya kama mtu anayeosha vyombo vya nyumba isiyo yake.

Kumbeba hadi mjini asingeweza. Gari jingine lisingepita leo, wala kesho. Nyuma ya kiti kulikuwa na beringi za akiba na mikebe miwili ya grisi: ya njano, na nyeusi ya kupaka ndoano za trela. Alichota kidogo kwenye kila mkebe, akatia maji ya mvua, akasugua. Ya njano ikawa nyeupe kama maziwa, ikamtoroka vidoleni. Nyeusi ilibaki imeng'ang'ania.

"Weka hiyo nyeusi twende!"

"Hii ikipata joto inayeyuka."

"Basi weka njano!"

"Njano inaoshwa na maji, na mto bado uko mbele."

"Wewe mama, mimi nakufa na wewe unachagua grisi kama kitambaa cha gauni?"

"Maji siwezi kuyazuia. Joto naweza, nikienda polepole."

Akaanza kusafisha. Alitoa beringi zilizoungua, akaosha habu kwa dizeli, akafuta kila alama ya njano, maana grisi mbili zikichanganyika zinaharibiana. Lusweti alimtukana. Alitaka ndugu yake arudishiwe ng'ombe wa mahari.

"Walishaliwa," alisema Awinja, bila kuinua kichwa.

Alisukuma grisi nyeusi kwa kiganja mpaka ikatokea upande wa pili wa beringi mpya. Vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi. Ilibidi avitazame ili ajue vinafanya kazi.

Alirudisha gurudumu, akakaza nati, akaendesha kwa gia ya kwanza. Baada ya kila kilima alisimama, akashuka kupima joto la habu. Mkono haukuweza tena kumwambia kitu, kwa hiyo aliweka shavu.

"Endesha," Lusweti alisema.

"Inapoa."

"Hata mimi napoa."

Alisikia. Akasubiri. Mbega walikuwa wamejikunyata juu ya matawi, mikia inadondosha maji. Lusweti aliacha kutukana. Shavu lilipovumilia chuma, alipanda, akaondoa lori.

Mto ulikuwa mwekundu, umefika juu ya ekseli. Aliingia bila kusimama. Upande wa pili alizima injini kwenye mteremko, akaacha lori lijiviringishe, akasikiliza. Gurudumu lilizunguka kimya.

Mabati ya hospitali ya Shirere yalipoonekana, Lusweti hakuyatazama. Wauguzi walimshusha yeye kwanza, kisha wakambandua Awinja vidole kwenye usukani.

Mguu ulikatwa chini ya goti.

Siku alipoweza kuketi kitandani, Lusweti aliuliza, "Ungekimbiza, ningebaki nao?"

Awinja alifikiri. "Sijui. Labda. Au gurudumu lingechomoka mtoni, na leo tungekuwa tunakulilia."

Lusweti alitazama mahali blanketi lilipolala bapa.

"Kesho uniletee obusuma na ingokho. Ugali wa hapa haupiti kooni."

"Kuku wa nani?"

"Wako. Mimi ni mgonjwa."

Awinja alitoka, akaegemea ukuta wa nje, akangoja kulia. Hakuna kilichokuja. Akajifunga leso vizuri, akaenda kutafuta kuku.