Kaisari wa Siku Kumi na Moja

Ujumbe uliingia Flaviana akiwa jikoni kwa shangazi yake, Vällingby, kitongoji cha Stockholm, anakanda unga wa maandazi ya posa yake ya kesho.

"Wameniondoa. Shangazi yako alimkubali mkubwa, na mimi si mkubwa tena. Kesho siji."

Aliyeandika ni Clovis, Mkongo aliyeishi Rissne, kitongoji kingine cha huko, fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya mabasi. Mwaka mzima Shangazi Leokadia alikuwa amemkataa. Binti aliyemlea mwenyewe, msomi, mtunza sarafu za kale kwenye makumbusho, aolewe na mchomea vyuma? Thubutu. Kisha mafundi wenzake wakambeba Clovis juu juu, wakamfanya msemaji wao mbele ya mabosi, na shangazi aliposikia neno "kiongozi" akalainika.

Uongozi wenyewe ulidumu siku kumi na moja. Wale wale waliomweka walitaka zamu za asubuhi ziwe zao, wageni wapya wabebe za usiku zote. Clovis akakataa. Wakapiga kura, wakamshusha.

Flaviana alinawa mikono akapiga simu.

"Unaikumbuka sarafu niliyokuonyesha siku tulipojuana?"

"Ya Marius," Clovis alijibu kinyonge. "Muhunzi. Askari wa Roma walimufanya kaisari."

"Vitabu vya kale vinadai alitawala siku tatu tu, kisha askari mmoja akamuua kwa upanga ambao Marius mwenyewe aliufua. Kaisari wa siku tatu, Clovis, na hadi leo namtaja kwa heshima. Mimi sikumpenda msemaji wa karakana. Kesho uje."

Akaja. Huku Sweden hakuwa na baba wala mjomba, kwa hiyo aliongozana na mshenga mmoja tu, Désiré, fundi mwenzake. Shangazi alikuwa ameketi na kitenge chake kipya, mdomo kaubana. Habari za Rissne zilikuwa zimefika Vällingby kabla ya treni.

"Nasikia cheo kimekwisha," alisema. "Waliokuweka ndio waliokutoa?"

"Ndiyo, mama."

"Nani aliwaongoza?"

Clovis aliinamisha kichwa, akasema hayo yamepita. Hapo mshenga akasimama.

"Mama, ni mimi. Mimi nilinyoosha mukono wa kwanza."

Flaviana alimkazia macho. Huyu Désiré alifika karakana hajui hata kushika chombo, Clovis akamfundisha kazi yote. Upanga wa Marius ulikuwa umekaa sebuleni kwao, umevaa suti.

"Na ukathubutu kuja kumsemea?" shangazi aliuliza taratibu.

"Ni yeye alinipigia simu, mama. Akasema, Désiré, huku sina ndugu mwingine, njoo uniposee. Nilishindwa kulala kwa haya. Ile zamu ya asubuhi niliyoipata kwa kura yangu, Jumatatu naiacha. Lakini huyu mutu mukimukosa, hamutapata mwingine."

Shangazi alimgeukia Clovis.

"Watu wote hawa wa Stockholm, ukamchagua huyu?"

"Alikosea, mama. Lakini mukono wake naujua, niliufundisha mimi."

Akamnyooshea Désiré mkono juu ya sahani ya maandazi, na Désiré akaushika kwa nguvu. Flaviana aliitambua picha hiyo mara moja, maana nyuma ya sarafu ya Marius kuna mikono miwili iliyoshikana, na yeye huifuta vumbi kila mwezi. Machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

Shangazi aliwamiminia chai, mmoja mmoja. Alipofungua mdomo, ukali ulikuwa umemwisha.

"Mimi nilikuwa nahangaika na cheo," alisema. "Kumbe la kuuliza ni siku yeye na Flaviana wakikosana, huyu mwanaume atafanyaje. Nimeshaona."

Akajitengeneza kitenge, akamtazama Désiré.

"Haya, mshenga. Kaa vizuri, useme ulichotumwa."

Désiré alifuta macho kwa mkono wa koti, akakohoa, akaanza kuposa.