Kitanda cha Kumi na Tatu

Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda kumi na viwili na muuguzi mmoja wa zamu ya asubuhi. Alijua nani hajala, nani analia akigeukia ukutani. Yeye mwenyewe, pale kazini hakuna aliyemuuliza hali. Mama yake akipiga simu, alijibu, "Mzima tu, mama," kisha akabaki peke yake na chai iliyopoa.

Kumbe mzima wa jina. Kichwa kilimgonga mwezi mzima, shingo ilimkaza, moyo ulimwenda mbio hata akiwa amekaa. Usingizi ulimpaa. Alimeza dawa za maumivu tumbo likiwa tupu, jambo ambalo kwalo angemgombeza mgonjwa yeyote. Tumbo nalo likaanza kumwaka moto.

Siku moja alimpelekea bibi wa kitanda cha tano vidonge vya kitanda cha nne.

"Mwanangu, vyangu ni vyeupe," bibi akasema.

Akavirudisha, akampa vyake. Akajifungia stoo ya mashuka, akalia kimyakimya.

Saa nane mchana alikuja muuguzi mwenzake wa miaka mingi, aliyeitwa Dada Saa kwa kuwa hakuwahi kuchelewa. Wakakabidhiana wagonjwa, kitanda kwa kitanda. Kosa la vidonge alilisema bila kuficha. Baada ya cha kumi na mbili, akafunga daftari.

"Bado cha kumi na tatu," Dada Saa akasema.

"Hatuna."

"Tunacho. Kimesimama mbele yangu, macho mekundu."

Akamkalisha, akampima presha. Ilikuwa juu. Akamweleza kuwa msongo wa kazi hauishii kichwani: hupandisha presha, hukaza misuli, huvuruga tumbo na usingizi. Amwone daktari, ale kwa wakati, aseme mapema anapolemewa. Tena wodi ilihitaji muuguzi wa pili, na hilo angelifikisha kwa wakubwa yeye mwenyewe.

Muuguzi alitaka kusema yu mzima. Badala yake akasema:

"Nimechoka, dada. Na niko peke yangu."

Jioni ile alimwambia mama yake ukweli. Daktari akampa dawa na likizo. Aliporudi, alimkuta muuguzi wa pili kazini. Miezi mitatu baadaye presha ilikuwa imeshuka.

Sasa kila zamu Dada Saa huuliza, "Na kumi na tatu?"

"Amekula. Amelala."

Siku nyingine hujibu, "Leo amelemewa." Hapo Dada Saa huvuta kiti.