Wote Wawili Watapumua

Jua lilikuwa linazama niliporudi kutoka duka la vifaa na jiwe jipya la grinda. Nilitaka nikate bati moja la mwisho, tufunge gereji, nimwahishe kaka nyumbani kabla baridi haijamkamata kifua.

Kaka ndiye aliyenifundisha kazi ya ekzosi, mabomba ya moshi wa magari. Moshi wa kuchomelea ulimla mapafu, akawa anashinda kitini kando ya benchi, akinikosoa na kupiga mluzi. Si kwa mdomo, kwa kifua. Wateja walimbandika jina la Filimbi, naye alicheka nao mpaka hewa ikamwishia. Siku hizo hakuwa akicheka tena. Daktari alishatuambia tujiandae. Shemeji, mke wake, alikuwa akimsikiliza usiku kucha kama anayesikiliza mtoto mchanga. Mimi kaka amenilea tangu sijui kufunga viatu. Ningefanya lolote apumue, na sioni haya kulisema.

Nilipoingia uani nikakuta gari limeegeshwa juu ya shimo letu la kutengenezea magari kwa chini.

Jeusi. Fupi. Safi mno.

Mimi gari safi siliamini. Shemeji husema nikipewa chai nauliza kwanza sukari imetoka wapi. Lakini hili lilikuwa safi hata tumboni, kwenye mabomba, mahali ambapo gari la mtu mwaminifu lazima liwe na tope. Kando yake alisimama mama wa makamo aliyevaa koti refu. Hakuwa anatazama gari. Alikuwa anamtazama kaka.

"Habari za jioni, mama."

"Nzuri, fundi. Amebanwa. Hawezi kupumua."

"Nani, kaka? Hicho kifua chake tu, tumekizoea."

"Nasema gari."

Nikacheka kidogo. Wapo wateja wanaozungumzia gari kama mtoto wao, wengine hulipatia jina na kulinunulia manukato. Ila huyu hakuwa na uso wa utani.

Lilikuwa gari la turbo mbili, moja kila upande wa injini, na kila turbo ina bomba lake la kutolea moshi. Mama akasema mwanzoni linavuta vizuri, lakini ukikanyaga mafuta hadi mwisho, linakufa nguvu. Dalili hiyo naijua. Moshi unakosa njia, unarudi nyuma, unaisukuma injini yenyewe. Nikafungua sensa za pande zote mbili, mahali pake nikafunga geji za kupima msukumo wa moshi, nikawasha.

Kushoto, mshale ulisogea kidogo tu, kama inavyotakiwa. Kulia ukaruka mpaka kwenye wekundu.

Nikashuka shimoni na taa. Nikaligonga bomba la kulia kwa nyundo, maana masega ya kuchujia moshi yakivunjika hulia kama kokoto kwenye kopo. Kimya. Nikalipapasa lote. Halikubonyea popote. Nikaligusa kwenye kona, nikijiandaa kuungua.

Lilikuwa vuguvugu tu. Kama shingo ya mtu.

Na halikunuka moshi. Lilinuka shati lililovaliwa siku nzima...

Nikapanda haraka, nikazima injini, nikatia ufunguo mfukoni. Nikainama niifungue geji ya kulia.

Mshale ukapanda.

Ukashuka.

Ukapanda tena, taratibu...

"Kaka," nikanong'ona, "njoo uone."

Akaja akijikongoja. Akatazama. Mluzi wa kifua chake ulikuwa juu, lakini mshale haukuufuata. Ulikuwa na mwendo wake wenyewe, wa mtu aliyelala vizuri.

"Mdogo wangu," akasema chinichini, "mwambie arudi kesho. Halafu kesho tusifungue."

"Kata pale kwenye kona." Mama alikuwa tayari nyuma yetu. Sikumsikia akisogea. "Kaka yako ashike taa."

"Kaka haruhusiwi kukaa karibu na cheche."

"Ashike yeye. Ana kifua kipana."

Alimtazama kaka mabega, kisha kiuno, kama fundi cherehani kabla hajachukua tepu.

"Upana wake unakuhusu nini, mama?"

"Fungua tu, fundi. Wote wawili watapumua."

Nilisikia. Kama alikuwa anasema mabomba, angesema yote mawili. Kama ni turbo, zote mbili. Wote wawili ni watu. Mimi ninayeuliza sukari imetoka wapi nilisikia vizuri kabisa. Kisha nikamtazama kaka. Hatua chache tu kutoka kitini na midomo yake ilikuwa imegeuka kijivu.

Yeye naye alisikia. Akanyoosha mkono, akaichukua taa mwenyewe.

"Nimechoka, mdogo wangu," akasema. "Kata."

Tukashuka shimoni. Nikawasha grinda.

Cheche ziliruka, chuma kikalia. Nilikuwa bado sijamaliza mzunguko, bomba likaachia lenyewe.

Haaaa...

Haikuwa sauti ya bomba. Hewa ya vuguvugu ilinipita shavuni, ikageuka kona. Kaka wakati huo alikuwa anavuta pumzi, mdomo wazi kama kawaida yake. Akavuta. Akaendelea kuvuta. Nikaona vifungo vya shati vinakaza, nikaona macho yanamtoka, nikampigia kelele aache...

Akashusha pumzi. Ndefu. Safi.

Bila mluzi.

Nililia palepale shimoni na grinda mkononi. Nikamkumbatia, nikaweka sikio kifuani kwake, na ndani kulikuwa kumetulia kama chumba kilichofagiliwa. Midomo yake ilikuwa na rangi. Alipanda ngazi bila kushika ukuta. Mama akamsogelea na kumnyooshea kola ya shati, machozi yakimlengalenga. Nikasema moyoni, ni mtu wa huruma huyu. Nilitaka sana awe mtu wa huruma.

Nikachomelea pale kwenye kona bomba pana lenye mkunjo mpole. Geji zote mbili zikasoma sawa, na gari likaondoka likivuma vizuri ajabu.

Njiani kaka alitembea mbele yangu, mwepesi, mimi ndiye niliyehema. Tulipofika kwenye kona ya nyumbani kwake, akapitiliza. Ikabidi nimvute mkono.

Shemeji alitufungulia mlango, akatega sikio kama kawaida yake. Hakusikia kitu. Akashika mdomo kwa mikono miwili.

"Umepona? Baba watoto, umepona?"

Kaka alimtazama kwa adabu. Akatazama viti, akatazama picha zao ukutani.

"Samahani, dada," akasema. "Bafu liko wapi?"

Shemeji akacheka. Akacheka peke yake, akanigeukia nimsaidie kucheka, nami nikashindwa.

Kaka alipotoka bafuni alikuwa amechana nywele upande usio wake. Alisimama katikati ya sebule, anasubiri. Sisi bado hatujasikia kitu, yeye alishageuza shingo kuelekea barabarani.

Kisha tukasikia. Turbo mbili.

Hodi ilipigwa mara moja.

"Habari za jioni tena," alisema mama wa koti refu, amesimama mlangoni. "Nimemfuata mume wangu."

"Umekosea nyumba, dada," shemeji akamjibu.

Hakuwa amekosea. Kaka alipita katikati yetu. Nikamshika mkono, nikamwita kaka, nikamwita kwa jina alilopewa na mama yetu. Akautoa mkono wangu taratibu, bila hasira, kidole kimoja kimoja.

"Asante sana, fundi," akaniambia.

Maishani mwake kaka hajawahi kuniita fundi.

Tulitafuta kila mahali. Namba ya gari hakuna aliyeishika, hata mimi niliyelala chini yake. Shemeji hajui akae matanga au asubiri, maana maiti hatuna, na mwanamume aliyeondoka pale mlangoni alikuwa mzima kuliko sisi sote.

Jioni nikipita kumjulia hali, ananiuliza swali lilelile, akiwa ameshika mlango.

"Shemeji, alipoondoka alikuwa anapumua?"

"Alikuwa anapumua."

"Vizuri?"

"Vizuri kabisa, shemeji."

Basi anatulia kidogo, anarudi ndani. Namwachia iwe hivyo. Hajawahi kuniuliza ni nani aliyekuwa anapumua.