Hanne Hakustahili Kufa

"Veerle, niambie Hanne hafi!"

Tinne hakubandua macho kwenye tivii. Lori lilikuwa limemgonga Hanne, na mpenzi wake Roos alikuwa amepiga magoti barabarani, anapiga mayowe. Jumapili hiyo jiji zima la Ghent lilikuwa linaitazama tamthilia hiyo, na mwandishi wake, Veerle, alikuwa kwenye kochi anakwepa macho ya mchumba wake.

"Amekufa, mpenzi."

"Uliniahidi wataoana!"

"Kituo cha tivii kilikataa. Eti wanawake wawili wakipata raha, watazamaji wanasinzia. Nimuue mmoja, au waajiri mwandishi mwingine."

"Ukakubali?"

"Nikakubali."

"Ukanyamaza wiki tatu, tunalala kitanda kimoja!"

Miaka sita mama yake Tinne, Godelieve, hakuwahi kukanyaga kwao, kwa sababu binti yake anaishi na mwanamke mwenzake. Hanne wa kwenye tivii ndiye aliyemlainisha, mpaka siku moja akapiga simu mwenyewe kuuliza: "Huyo Veerle wako naye ni mpole kama Hanne?" Juzi alinunua gauni la bluu la kuvaa kwenye harusi yao, Jumamosi inayokuja.

Simu ikaita. Tinne akaweka spika.

"Umeona?" Godelieve alikuwa analia.

"Ni maigizo tu, mama."

"Aliyeandika si ndiye unayetaka kuoana naye? Maisha hayo si anayaishi? Kama yeye mwenyewe hayaoni yakiisha vizuri, mimi niyaone wapi? Siji, mwanangu. Siwezi kukaa mstari wa mbele nikiwaza kukuzika."

Akakata.

"Nitampigia nimweleze," Veerle akasema.

"Umeshamweleza. Yeye na watu milioni moja."

Tinne akavaa koti. Mlangoni akageuka, macho mekundu.

"Uliwabishia hata nusu saa?"

"Niliogopa, Tinne."

"Nilijua."

Wiki nzima Veerle alituma ujumbe: "Nisamehe." "Mama hajabadilika?" "Nitakusubiri." Jibu lilikuja moja tu, Ijumaa: "Ningekusamehe kwa Hanne. Kwa mama, siwezi."

Jumamosi akaenda hivyo hivyo manispaa, walikopanga kufungia ndoa, na shada lake la maua mkononi. Karani akachungulia ukumbi mtupu.

"Mwenzako yuko njiani?"

"Haji."

"Basi naomba upishe, dada. Kuna wengine nje."

Wakaingia kijana na msichana, na ndugu zao wakicheka. Veerle akapita katikati yao analia, na hakuna aliyemuuliza kitu.