Jirani wa Upande wa Kaskazini

Kilichoanza ni udongo. Udongo kidogo tu, wa kujaa kijiko, mweusi na mbichi, juu ya meza ya kuchorea ramani, ghorofani, ndani ya chumba kilichofungwa kwa ufunguo.

Mchora ramani wa ofisi ile, ambaye watu walimwita Mama Wino kwa sababu vidole vyake havikuwahi kutakata tangu alipoajiriwa, aliutazama udongo ule kama mtu anavyomtazama inzi ndani ya chai. Ofisi ya ardhi haina udongo. Ina karatasi, ina mihuri, ina mabenchi ya kusubiria yaliyolainishwa na makalio ya watu. Udongo wenyewe uko huko mbali ambako wakubwa hawaendi. Akaukumba kwa kipande cha kadibodi, akautupa dirishani, akavuta droo ya kabati kutoa ramani aliyokuwa anaimalizia.

Mstari wa kaskazini haukuwa pale alipouacha.

Ramani ilikuwa ya bonde lililo nje ya mji, lililokuwa linakatwa viwanja. Upande wa kaskazini pana kichaka kinene. Ramani za zamani zilikiacha nje ya mpaka, na wapimaji wa zamani hawakusema kwa nini. Safari hii Mkuu wa ofisi aliagiza kiingizwe ndani, kiwe kiwanja cha kona. Mama Wino alichora alivyoagizwa, kwa wino usiofutika. Sasa mstari ulikuwa umerudi nyuma na kukizunguka kichaka kwa nje, safi, bila alama ya wembe wala kifutio, utadhani karatasi ilizaliwa nao.

Akauchora upya. Kesho yake umerudi tena, na udongo uko mezani.

Mkuu alikuwa mwanamume mnene wa sauti laini, na ukisikia sauti laini kwa mkubwa wa ofisi, shika pochi yako.

"Mama Wino, ufunguo wa chumba cha ramani anao nani?"

"Mimi, Mkuu."

"Na nani mwingine?"

"Mimi tu."

"Basi nisaidie kufikiri. Mstari una miguu?"

"Hauna, Mkuu."

"Kwa hiyo kuna mtu anakulipa." Alitabasamu. "Nakupa hadi Ijumaa. Mstari usipokaa nilipousema, naita polisi. Kugeuza ramani ya serikali ni jela, mama. Na wewe mjane, una binti shuleni. Fikiria atalelewa na nani."

Mama Wino alitoka mle ofisini. Hakulia, kulia ni kazi ya mtu mwenye nafasi. Alifikiri. Na kila alipofikiri, fikra zilimpeleka kwa shemeji yake.

Shemeji huyo, mume wa mdogo wake, ndiye mpimaji aliyekwenda bondeni. Alikuwa kijana mwenye maneno mengi na viatu vizuri kuliko mshahara wake. Kila Jumapili huja kula kwa Mama Wino, na ufunguo wa chumba cha ramani hutundikwa msumarini juu ya meza ya chakula. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuuchukulia chapa kwenye kipande cha sabuni huku anaomba aongezewe chumvi. Kwa nini siku hizi hamtazami usoni? Kwa nini ghafla hataki kupanda ghorofani?

Akaamua kumkamata. Mchana, saa ya chakula, ofisi nzima ilipotoka, alifunga chumba cha ramani akajifanya ameondoka, kisha akarudi kwa kunyata, viatu mkononi, akakaa kwenye ngazi ambapo angemwona yeyote anayeusogelea mlango.

Hakuna aliyeusogelea. Lakini ndani kulilia kitu. Kwanza alidhani ni bomba la maji, kisha akadhani ni panya, kisha akajua, kwa sababu mtu aliyekulia kwenye ofisi za upimaji hawezi kuisahau sauti ile: ni mnyororo, mnyororo wa chuma wa kupimia, wa kizamani, ambao siku hizi haupo hata stoo, na ulikuwa unaburutwa sakafuni taratibu kutoka ukuta hadi ukuta, unanyooshwa, unatulia kidogo kama mtu anayesoma kipimo, kisha unaburutwa tena, na kila ulipotulia harufu ilipita chini ya mlango, harufu ya udongo wa chini kabisa, ule unaotoka shimo likishakuwa refu kuliko mchimbaji, mpaka Mama Wino akajikuta ameuingiza ufunguo, ameuzungusha na kuusukuma mlango kabla moyo wake haujapata nafasi ya kumkataza.

Hapakuwa na mtu. Droo ilikuwa wazi. Mstari wa kaskazini ulikuwa umerudi nyuma, na wino wake ulikuwa haujakauka.

Alimkuta shemeji uani, nyuma ya gari la ofisi, akivuta sigara.

"Shemeji, umekula nyama yangu kila Jumapili ili unifunge jela?"

"Dada, naapa, si mimi."

"Kama si wewe, mbona unatetemeka? Baridi iko wapi?"

Shemeji alitazama kulia na kushoto, akashusha sauti. "Umeusikia mnyororo?"

Mama Wino akaitikia kwa kichwa.

"Siku tulipokwenda kuweka mawe ya mpaka," shemeji akasema, "nilimkuta mzee kichakani. Amekaa pale pale jiwe la kona linapotakiwa. Nikamwambia, mzee, sogea, hapa panapimwa. Akaniambia yeye ndiye jirani, mbona hakuitwa?"

"Na kwenye karatasi zako upande wa kaskazini umeandika nini? Mimi nimechora kutoka kwako."

"Nimeandika hakuna jirani."

"Na umemwona kwa macho yako!"

"Ukiandika yupo, inabidi aitwe, asimame mpakani, akubali mbele ya watu. Mkuu aliniambia hana muda huo. Ningefanyaje, Dada?"

"Kwa hiyo ulimfukuza?"

"Aligoma kuondoka. Nikamwambia wanavyoambiwa wote." Sigara ilimdondoka. "Nilimwambia, njoo ofisini."

Jioni ile Mama Wino alikwenda kwa mama yake mkubwa, bibi mkavu mwenye macho makali, aliyekuwa akitibu watu waliopandwa na mashetani tangu enzi za ujana wake na hakuwa akiwaogopa wala hao mashetani wala hao watu. Mama mkubwa alisikiliza, akasema atakuja kuona mwenyewe.

Kesho yake akaja. Alisimama chini ukumbini, penye dirisha la huduma na benchi la kusubiria. Benchi lilijaa watu, wamebanana bega kwa bega, wengine wamesimama. Lakini mwisho wake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyekuwa akiikalia. Ubao pale ulikuwa umelowa.

"Yule mzee," mama mkubwa akanong'ona, "mnamhudumia lini?"

"Mzee gani, Mama?"

"Huoni? Mwenye miguu ya udongo. Amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Anakutazama wewe."

Mama Wino akakumbuka. Siku ambazo karani wa dirishani hayupo, na karani yule alikuwa hayupo karibu kila siku, yeye ndiye aliyekaa pale. Mara kwa mara sauti nzito ya kizee ilimuulizia Mkuu. Naye, bila kuinua uso kwenye karatasi zake, alikuwa akijibu: Mkuu hayupo, njoo kesho.

"Mama, mtoe. Fukiza chochote unachofukiza."

"Aliyevamia namtoa, mwanangu. Huyu ameitwa. Shemeji yako amemwita, wewe umemwita kila siku ya Mungu. Huyu haendi ila anakoitwa, na akiitwa haondoki mpaka shida yake imalizwe na mwenye uwezo wa kuimaliza."

"Mwenye uwezo ni Mkuu."

"Basi mpelekeni kwa Mkuu. Na mchunge midomo."

Ijumaa ikafika. Mkuu alimwita Mama Wino na shemeji ofisini kwake. Simu iko mezani, tayari kwa polisi. Mama Wino alisimama kizingitini, akageukia ngazi za ukumbini, akasema kwa sauti iliyokauka, "Mzee wa kaskazini, karibu kwa Mkuu."

Wakasikia nyayo mbichi zikipanda ngazi. Mlango ukajaa mtu mrefu, mweusi wa udongo hadi magotini, na kwa mara ya kwanza Mama Wino alimtazama usoni. Alijuta. Haukuwa uso wa kutisha. Ulikuwa uso mtulivu wa mtu aliyezoea kusubiri, ila macho hayakupepesa, na kadiri ulivyoyatazama ndivyo ulivyohisi kuwa uko chini kwenye shimo unamtazama mtu aliyesimama juu.

Mzee akafungua kitambaa. Akaweka mezani jiwe la kona, lenye saruji na namba yake, limeng'olewa pamoja na mizizi. Meza ikalia.

"Umeng'oa jiwe la serikali?" Mkuu akafoka, na ile sauti laini ikampotea. "Unajua kifungo chake?"

"Nilikuwepo kabla ya jiwe," mzee akasema. "Nataka tuitwe wote, tusimame mpakani, na aliyechukua kona ajitaje mbele ya watu."

Rangi ikamtoka Mkuu. Akatazama dirishani, akatazama simu, akaisukuma mbali. Hapo ndipo Mama Wino alipoelewa kona ile ilikuwa ya nani.

Ulaini wa sauti ukamrudia Mkuu. "Mzee wangu, mambo makubwa hayasemewi ofisini. Njoo nyumbani. Tutayamaliza kiungwana."

"Unanikaribisha?"

"Nakukaribisha."

"Nikae hadi yatakapokwisha?"

"Hata ulale, mzee wangu. Nyumba yangu ni yako."

Shemeji alitazama sakafu. Mama Wino alifungua mdomo. Alimjua mke wa Mkuu. Aliwajua watoto, wadogo bado. Neno moja tu lingetosha. Lakini alilitazama jiwe, akaitazama simu, akamkumbuka binti yake, akaufunga mdomo wake vizuri kama alivyokuwa akifunga chumba cha ramani.

Jumatatu benchi lilikuwa kavu, na watu wakalikalia hadi mwisho. Mstari wa kaskazini ulitulia nje ya kichaka, mahali pake pa zamani, na Mkuu hakuuliza tena habari zake. Polisi hawakuitwa. Shemeji akarudi kwenye maneno yake mengi. Mama Wino alilala usingizi ambao hakuupata kwa muda mrefu, na kama kuna aliyemlaumu, alikuwa ni yeye mwenyewe, tena kidogo.

Kisha asubuhi moja, karani akiwa hayupo kama kawaida, Mama Wino alikuwa dirishani ameinamia karatasi, foleni ndefu, mkono unaandika, watu wanasukumana, na sauti fulani ikaja karibu na kioo. Sauti laini, iliyochakaa.

"Mama Wino. Yule mama yako mkubwa anayetibu, nampata wapi? Nisaidie. Yule mzee amekaa sebuleni, hali wala halali, mchana kutwa anapima. Mnyororo unapita chini ya vitanda. Chumba cha watoto kimeanza kuwa chembamba, Mama Wino, jana kitanda hakikuingia, na watoto hawaogopi, wanamshikia ncha ya mnyororo, wanamwita babu, na mke wangu ananiuliza mimi ni nani na nimeingiaje ndani ya mpaka..."

Aliyasikia, na hakuyasikia. Foleni ilikuwa ndefu, na mdomo wa mtu wa dirishani una kazi yake, haungojei kichwa.

"Leo hapatikani," akasema, bila kuinua uso. "Njoo kesho."

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza, ile ya udongo wa chini kabisa, na kalamu ikamgandia mkononi.

"Nitakuja," ikajibu sauti nzito, kutoka nyuma ya bega la Mkuu.