Vidonge vya Awadhi

Masasi, Ijumaa ya pili ya Ramadhani, 1994.

Saa 4:10 asubuhi

Chumba cha nyuma cha mashine ya kusaga kilijaa vumbi la unga. Muharami alichora ramani mezani kwa kidole.

"Hapa duka la Awadhi. Hapa stoo. Adhana ikilia, Awadhi anafunga, anakwenda msikitini na watu wake wote. Vitalis, unavunja kufuli. Selestini, unachagua. Mimi naendesha."

"Dawa za sukari tu," Selestini alisema. "Klopropamaidi na metfomini. Panadoli waachieni."

Selestini aliyajua makopo hayo. Miaka kumi na moja aligawa dawa kwenye zahanati ya serikali, mpaka wafanyakazi walipopunguzwa. Siku hizo mgonjwa alipewa vidonge bure. Likaja soko huria. Kabati la zahanati likabaki na mende, na makopo yaleyale yakaonekana kwa Awadhi, mihuri ya serikali imekwanguliwa kwa wembe. Hakuna aliyekamatwa. Hakuna hata aliyeulizwa. Watu wakafa kimya kimya vijijini mwao, na Awadhi akajenga ghorofa.

Vitalis hakuwa jambazi. Alikuwa fundi chuma kutoka Makote. Mama yake, Bibiana, alikuwa na sukari na kidonda cha mguu kisichopona, na wiki ya tatu sasa hakuwa ameona kidonge. Vitalis alikwenda kumpigia Awadhi magoti. Awadhi akamwambia mama auze mikorosho yake. 

"Makopo mawili ya mama, Baba Faidha," alimwambia Muharami. "Tulikubaliana."

"Neno langu moja."

Muharami mwenyewe alikuwa na sukari. Alfajiri ile alimeza kidonge chake, akala muhogo kidogo, akanuia saumu. Selestini alimkazia macho.

"Klopropamaidi inakaa mwilini mchana kutwa. Ukifunga nayo itakuangusha. Kula, Baba Faidha. Mgonjwa anaruhusiwa."

"Nimefunga miaka thelathini na tano. Sitaacha kwa ajili ya stoo ya Awadhi."

Hakuna aliyecheka. Mtu anakwenda kuiba na amefunga! Lakini ndiye Muharami. Kwake wizi ulikuwa kazi, na saumu ilikuwa saumu.

Saa 6:50 mchana

Mtaa ulikuwa mtupu. Vitalis aliingiza nondo, akakandamiza mara moja. Kufuli likaruka.

Ndani kulinukia dawa na mpira. Selestini alisoma lebo haraka, akanyoosha kidole. Hili. Hili. Lile acha. Maboksi manane yaliingia kwenye Landrova.

Wakati huohuo Dauda, mpagazi wa Awadhi, alirudi mbio kuchukua kofia aliyoisahau. Akasimama mlangoni, mdomo wazi.

"Wezi! Wezi kwa Awadhi!"

Muharami aliinua bastola. Kisha akaishusha.

"Pandeni!"

Saa 7:35 mchana

Barabara ya Newala ilikuwa tope tupu. Vitalis alikaa mbele, katikati, nondo mapajani.

"Makote unaniteremsha na makopo yangu," alisema.

"Mzigo wote una mwenyewe Newala," Muharami alijibu. "Halitoki hata kopo moja."

"Na mama yangu?"

"Atanunua kama wenzake."

Vitalis alimtazama yule mzee. Akaona hana tofauti na Awadhi, ila ghorofa tu. Selestini alitazama dirishani.

Saa 8:05 mchana

Kwenye mlima wa Newala Muharami alianza kutoka jasho. Lilimtiririka mpaka kwenye kanzu. Gari likayumba.

"Faidha yuko wapi?" aliuliza. "Mwambieni afunge mlango."

Vitalis alidaka usukani. Landrova iliserereka, ikaegemea ubavu kwenye kingo.

"Sukari imeshuka," Selestini alisema. Alichomoa bastola kiunoni kwa Muharami, akatoa chupa ya soda kwenye mfuko wake. "Mpe. Upesi, la sivyo anakufa."

Muharami alikaza meno. "Nime... nimefunga."

Vitalis alishika chupa. Maboksi manane nyuma. Angemsukuma mzee mtaroni, angefika Makote mchana uleule. Aliwaza hivyo, na aliwaza kwelikweli. Kisha akamwona Muharami akitetemeka midomo, mtu mzima, baba wa watoto. Akambana pua.

"Kunywa, mzee mpumbavu! Kunywa!"

Robo saa baadaye macho ya Muharami yalitulia. Akalamba midomo. Akausikia utamu.

"Nani kanifungulisha?"

"Mimi. Ungekufa."

"Miaka thelathini na tano!" Muharami alikuwa analia. "Miaka thelathini na tano, na wewe..."

Akanyoosha mkono. Selestini akamwekea bastola kiganjani.

"Selestini!" Vitalis hakuamini.

"Samahani, ndugu yangu. Mimi nina watoto wanne wa kulisha nyumbani."

"Shuka," Muharami alisema.

Vitalis alishuka. Lakini gari lilipojinasua kingoni alikimbilia mlango wa nyuma, akaufungua, akakamata boksi. Risasi ya Muharami ilimpata pajani. Alianguka topeni mikono mitupu, Landrova ikapanda mlima.

Saa 8:30 mchana

Pikapu ya Awadhi ilifika. Dauda alikuwa wa kwanza kuruka, rungu mkononi.

"Dawa ziko wapi?"

"Zimekwenda Newala."

Dauda alimpiga begani. Alipiga huku akilia, kamasi zinamtoka.

"Mwaka mzima nabeba magunia ya Awadhi! Hanipi mshahara, ananipa vidonge vile! Mama yangu anaishi kwa vidonge vile, mshenzi wewe!"

Vitalis aliinua mkono.

"Hata wangu," alisema. "Hata mama yangu mimi..."

Rungu likampata mdomoni.